Kufuli na Beti za Haiku

Mwaka 2001 lilizuka katika intaneti shairi refu la Kiingereza, lenye beti zaidi ya mia nne, pasi na jina la mtunzi. Kila ubeti ulikuwa haiku, yaani mishororo mitatu: wa kwanza wenye mizani tano, wa pili saba, na wa tatu tano. Aliyezizoea haiku za Kijapani huenda alitarajia kukutana na chura, theluji, au maua ya mcheri. Alichokikuta ni maelezo, hatua baada ya hatua, ya namna ya kulifungua kufuli la hesabu lililotiwa ndani ya diski za filamu, zile ziitwazo DVD. Mwenye ujuzi wa kutosha wa fani hiyo angeweza kulisoma shairi lile tangu mwanzo hadi tamati, kisha akaketi mbele ya kompyuta yake na kuiandika programu ya kufungulia.

Baadaye ilijulikana kwamba mtunzi wake ni Seth Schoen, mwanaprogramu wa Marekani na mpenzi mkubwa wa Linux. Mzaha ulikuwamo katika kazi yake, wala hakuuficha. Lakini chini ya mzaha ule palikuwa na jambo zito. Wakati huo kijana mmoja wa Norway alikuwa akiandamwa na polisi wa nchi yake, na jarida moja la New York lilikuwa limezuiwa na mahakama, kwa sababu ya ujuzi uleule uliomo katika beti hizo. Schoen aliuliza swali lake kwa njia ambayo watu wa mwambao wangeitambua mara moja: alitunga. Ikiwa ujuzi huu ni haramu ukiwa programu, je, ni haramu pia ukiwa shairi?

Ili kulielewa swali hilo yafaa kulijua kwanza kufuli lenyewe. Diski za DVD zilianza kuuzwa Japani mwaka 1996, na mwaka uliofuata zikafika katika maduka ya Marekani. Makampuni ya filamu yalihofia kwamba picha zilizo safi kiasi kile zingenakiliwa ovyo, ndipo yakakubali kuzitoa kwa sharti kwamba zivurugwe kwa hesabu. Aliyetaka kutengeneza mashine ya kuzionyesha ilimbidi atie saini mkataba, alipe ada, na aape kuitunza siri. Hapo tena alipewa ufunguo. Mnunuzi wa diski hakupewa kitu. Ufunguo ulikaa ndani ya mashine, na mashine ilimwonyesha kile ilichoruhusiwa kumwonyesha.

Mpango huo haukuwa na nafasi kwa mtu wa Linux. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa umri wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Aliitoa kwa yeyote aitakaye, na mwaka 1992 akaiweka chini ya leseni iitwayo GPL, ambayo msingi wake uliwekwa na Mmarekani Richard Stallman katika harakati alizozitangaza mwaka 1983. Tangu hapo maelfu ya mikono imeiandika, kila mmoja akiona alichokiandika mwenziwe. Sasa kitu ambacho maandishi yake yako wazi kwa kila jicho hakiwezi kutunza siri ya mtu. Ama kikubali kufungwa, na hapo si chenyewe tena, ama kikose ufunguo. Basi alikuwapo mtu aliyenunua kompyuta kwa fedha yake halali, akanunua na filamu dukani kwa fedha yake halali, na bado asiweze kuitazama. Hali yake ilikuwa kama ya aliyenunua kitabu akaambiwa kwamba kinasomeka kwa miwani ya duka fulani tu, na kwamba kujitengenezea miwani yake ni kosa.

Oktoba 1999 Jon Lech Johansen, kijana wa Norway mwenye umri wa miaka 15, pamoja na wenziwe wawili aliojuana nao kwa njia ya intaneti, walitoa programu iitwayo DeCSS, iliyolivua lile kufuli. Haki inataka isemwe kwamba programu hiyo ilitumika katika Windows, wala si katika Linux, na makampuni ya filamu hayakuacha kulikumbusha hilo kila yalipopata nafasi. Watetezi wake walijibu kwamba Linux ya siku zile ilikuwa bado haijajifunza kuusoma mpangilio wa mafaili ya diski hizo, na kwamba hatua ya kwanza ilibidi ipigwe pale ilipowezekana. Januari 2000 polisi waliipekua nyumba ya wazazi wake wakachukua kompyuta zake. Alisimama mbele ya mahakama ya Oslo Desemba 2002, na Januari 2003 akaachiwa. Upande wa mashtaka ukakata rufaa. Desemba 2003 akaachiwa tena. Mahakimu waliona kwamba aliyeinunua diski kihalali ana haki ya kuitazama, hata kwa njia ambayo aliyeitengeneza hakuifikiria.

Marekani mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 1998 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria mpya ya hakimiliki kwa ajili ya zama za intaneti, na ndani yake mlikuwa na kifungu ambacho wengi hawakukitilia maanani mpaka kilipouma. Sheria ya zamani ilimuuliza mtu: umenakili kazi ya mwenzio bila ya idhini? Sheria mpya iliongeza swali jingine: umelivunja kufuli, au umempa mtu chombo cha kulivunjia? Ikiwa jibu ni ndiyo, hata kama nyuma ya kufuli hilo kuna kitu ulichokinunua mwenyewe na hukukusudia kumwibia mtu, hukubaki na pa kujifichia. Agosti 2000 Jaji Lewis Kaplan wa New York aliyapa ushindi makampuni manane ya filamu dhidi ya jarida la 2600. Aliwakataza wenye jarida kuichapisha DeCSS, na akawakataza hata kuwaelekeza wasomaji mahali pengine ilikopatikana. Novemba 2001 mahakama ya rufaa iliukubali uamuzi huo.

Mahakama hizo hazikuwa za watu wajinga, na hoja yao yastahiki kusikilizwa. Walikubali kwamba maandishi ya programu ni maneno, na kwamba katiba yao inayalinda maneno. Lakini, wakasema, maneno haya yana tabia ambayo mengine hayana. Mapishi yaliyoandikwa kitabuni hayapiki chochote mpaka binadamu ayasome, ayafahamu, na aamue kuwasha moto. Programu huhitaji kidole kimoja tu cha kubonyeza. Mashine hufanya yaliyosalia, bila ya akili ya mtu kupita katikati. Kwa hiyo programu ni maneno na ni chombo kwa wakati mmoja, na sheria yaweza kukizuia chombo hata kama itagusa maneno.

Hapa ndipo beti za Schoen zinapoingia, kwani swali lililobaki ni la mpaka, na mpaka huo ni ule anaoujua kila mfasiri. David Touretzky, mwanazuoni wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, alitoa ushahidi katika kesi ya New York Julai 2000. Kisha akaendelea kukusanya sura mbalimbali za ujuzi uleule: maelezo kwa Kiingereza cha kawaida, wimbo, fulana iliyoandikwa programu mgongoni, hata namba tasa ndefu yenye tarakimu zaidi ya elfu moja ambayo, ikisomwa na kompyuta kwa njia fulani, huwa ndiyo programu yenyewe. Alitaka mtu yeyote amwonyeshe chombo kinapokoma na maneno yanapoanza. Shairi la Schoen liliingia katika mkusanyiko huo, na ndilo lililouliza swali kwa ukali zaidi, kwa kuwa hakuna mashine inayoweza kulitumia shairi. Lapasa lisomwe na mtu.

Kwa mtazamo wa ufundi, kazi ya Schoen ni tafsiri. Matini ya asili iko katika lugha ya programu, kavu na fupi. Matini lengwa iko katika haiku. Na ugumu wake ni ule unaowatoa jasho watunzi wote wenye kufuata mizani. Ndani ya programu hiyo mna majedwali marefu ya namba, kuanzia sifuri hadi mia mbili hamsini na tano, na mtunzi alilazimika kuyatia majedwali hayo katika mishororo ya tano na saba bila ya kukosea hata namba moja, maana ubeti ukipotoka kwa namba moja kufuli halifunguki. Hebu mshairi wa Kiswahili ajaribu kuitia hiyo "mia mbili hamsini na tano" katika mshororo wa utenzi wenye mizani nane. Tayari amefika mizani kumi na moja, na bado hajasema kitu. Katika ushairi mwingine mtunzi aliyebanwa huruhusiwa kulifinya neno au kulirefusha. Schoen hakuwa na ruhusa hiyo. Hata ufunguo wenyewe, ile siri iliyowekewa mikataba na viapo, ulitajwa ndani ya shairi kwa mizani iliyotimia.

Je, ni shairi zuri? Kuna beti zinazochosha, kama orodha yoyote inavyochosha. Lakini kuna fikra katika mpangilio wake ambayo msomaji wa tenzi haitampita. Mtunzi anafungua kwa kuiacha haki yake mwenyewe: anatangaza, ndani ya mizani, kwamba haidai tena ile haki ya peke yake ya kuinakili na kuisoma kazi hii mbele za watu, na anakitaja kifungu cha sheria kinachompa haki hiyo. Baada ya hapo ndipo anamwita malaika wa ushairi wa Wayunani amsaidie. Mwana Kupona binti Msham wa Pate, alipomtungia binti yake utenzi wake wa wosia mwaka 1858, alianza kwa kumtaka alete wino na karatasi, na alimaliza kwa kutaja jina lake, mji alikozaliwa na mwaka. Watunzi hawa wawili wanaachana kwa mengi, lakini wote walilielewa jambo moja: dibaji na tamati ndipo mahali pa mtunzi kutamka yeye ni nani kwa kazi yake, na msomaji ana ruhusa gani. Mwana Kupona aliliweka jina lake na akawaalika wanawake wauosome utenzi huo. Schoen alilificha jina lake na akawaalika wote wanakili.

Ndiyo maana msomaji wa mwambao asilione shairi hili kuwa ni kioja cha Wamarekani. Hapa kwetu elimu imesafiri ndani ya vina na mizani kwa karne nyingi: hukumu za ibada, wosia wa ndoa, habari za vita na za watawala. Ilitiwa humo kwa sababu mizani husaidia kukumbuka, na kwa sababu kilichokumbukwa hakichomwi moto wala hakiliwi na mchwa. Na kile kilichotiwa katika karatasi kiliokoka kwa kunakiliwa. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, aliandika kwa mkono wake nakala nyingi za tenzi kwa hati ya Kiarabu, na baadhi yake ziko hadi leo London. Alilipwa kwa kazi hiyo, na alistahiki kulipwa. Lau kila utenzi ungekuwa na kufuli, na lau kumfundisha mtu kulifungua kungekuwa jinai, asingekuwapo Kijuma, na huenda sehemu kubwa ya kinachoitwa leo hazina ya ushairi wa Kiswahili isingekuwapo.

Hata hivyo, hoja hii ina upande wa pili, na mshairi asiyeuona atakuwa anajidanganya. Mtunzi naye hula. Ni wangapi waliotunga nyimbo za taarabu zikavuma visiwani na bara, kaseti zikauzwa katika kila soko, na wao wasione hata gharama ya karatasi waliyoandikia? Tanzania Bara ilitunga sheria yake ya hakimiliki mwaka 1999, na Zanzibar ikatunga yake mwaka 2003, na zote mbili zilikuja zikiwa zimechelewa kwa wengi waliokwisha kuzikwa. Kumwambia mtunzi wa namna hiyo kwamba kunakili ni jambo jema ni kumtonesha kidonda.

Bahati ni kwamba watu wa Linux, wakisomwa vizuri, hawasemi hivyo. Ile leseni ya GPL haikuivunja sheria ya hakimiliki. Imesimama juu yake. Torvalds na wenziwe ni wenye haki kamili juu ya walichokiandika. Kwa haki hiyo wanamruhusu mtu yeyote kutumia, kunakili, kubadili, hata kuuza, kwa sharti kwamba atakayempa mwingine ampe na maandishi yake, na ampe uhuru uleule aliopewa yeye. Anayelivunja sharti hilo hushitakiwa kama mwizi mwingine yeyote wa kazi ya mtu, na mwaka 2004 mahakama moja ya Munich, Ujerumani, iliitambua leseni hiyo na kumpa haki mwanaprogramu aliyelalamika. Hao ni watunzi wanaodai haki yao, ila wameamua wenyewe namna ya kuitumia.

Kiswahili nacho kimekula matunda ya uamuzi huo. Mwaka 2004, katika mradi ulioitwa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishirikiana na wenzao wa Sweden kutoa programu za ofisini za OpenOffice kwa Kiswahili, wakaziita Jambo OpenOffice. Wafasiri walikaa wakabishana juu ya kila neno la kila kitufe. Kabla ya kubishana hawakuhitaji kumpigia magoti mwenye kampuni awaruhusu kuigusa kazi yake, wala kumthibitishia kwamba Waswahili ni soko lenye faida. Ruhusa ilikuwa imekwisha kuandikwa ndani ya leseni, na waandishi wa asili hawakuwa na haja ya kujua kwamba iko siku wafasiri hao watatokea.

Kwa hiyo kuna mambo mawili ambayo mjadala wa intaneti huyachanganya, na shairi la Schoen linasaidia kuyatenganisha. La kwanza ni haki ya mtunzi: jina lake lisifutwe, kazi yake isibadilishwe ikawekewa jina la mwingine, na akiuziwa kitu chake apate fungu lake. Haki hiyo ni ya kale kuliko sheria yenyewe, na watunzi wa tenzi waliidai walipoyatia majina yao katika beti za mwisho. La pili ni ulinzi wa kufuli. Hilo halimjui mtunzi. Linamlinda aliyelitengeneza, na anayekutana nalo mlangoni kila siku ni msomaji aliyekwisha kulipa. Mwizi hodari hulipita. Na baada ya Oktoba 1999 ujuzi wa kulipita ulienea dunia nzima kabla mahakama yoyote haijakaa. Aliyebaki amefungiwa ni mtu mwaminifu.

Beti hizo hazikufikishwa mahakamani. Wenye kufuli walinyamaza, na kimya hicho ni jibu la aina yake. Kulishitaki shairi kungewalazimu waseme hadharani kwamba kuna jambo ambalo mtu hana ruhusa ya kulieleza kwa maneno yake mwenyewe, kwa mizani aliyoihesabu mwenyewe, kwa msomaji mwenye akili timamu. Watu wengi wangeliona hilo kuwa ni kubaya, hata wale wasiojua Linux ni kitu gani.

Siku hizi diski zile zimekuwa adimu, na vijana wengine hawana hata mashine ya kuzitia. Lakini kufuli limehama tu. Limo katika vitabu vya kielektroniki visivyoweza kuazimwa kwa jirani, na katika nyimbo zinazosikika kwa muda ambao kodi imelipwa. Sheria ya mwaka 1998 ingali inafanya kazi Marekani, na kila miaka mitatu walimu, wakutubi na watu wasioona huomba tena waandikiwe ruhusa maalumu ya kukifungua kile ambacho tayari ni chao.

Mshairi wa visiwani anayepelekewa leo mkataba wa kuitoa diwani yake kwa njia ya intaneti ataona vifungu vingi juu ya asilimia na miaka. Avisome, kwani ni haki yake. Kisha atafute kimoja zaidi: msomaji wa Pemba atakayeinunua diwani hiyo ataweza kuiazimisha, kuinakili kwa mkono, kuihifadhi hata baada ya kampuni kufa? Ikiwa jibu halimo mkatabani, na aulize kabla ya kutia saini, maana siku kampuni itakapofunga milango yake hatakuwapo wa kuulizwa, na aliyeinunua diwani atabaki na kufuli mkononi.